PNL Bila Kuchanganya Mambo: Jinsi ya Kutenganisha Nadharia, Modeli na Matumizi

Ikiwa unaishi Kisangani na kazi yako ni kusema na watu, uwe mwalimu, muuguzi, mchungaji, mfanyabiashara au mtumishi wa shirika, huenda umekwisha kualikwa kwenye semina ya PNL. Herufi hizo tatu ni za Kifaransa, na hapa mjini tunazitumia hivyohivyo. Kwa Kiswahili tunaweza kusema programu ya nyuroisimu. Mwendeshaji wa semina husimama mbele, huchora ubongo ubaoni, husimulia habari za Wamarekani wawili waliowachunguza matabibu mahiri, kisha huwaambia washiriki wakae wawiliwawili wafanye zoezi. Jioni hugawa vyeti.

Katika siku hiyo moja amesema mambo ya aina tatu, tena kwa sauti ileile. Ameeleza namna akili ya binadamu inavyofanya kazi: hiyo ni nadharia. Ameeleza namna mtu fulani hodari anavyoifanya kazi yake: hiyo ni modeli. Amekuambia la kufanya kesho ukikutana na mteja, mgonjwa au mwanafunzi: hayo ni matumizi.

Mwongozo huu unakusaidia kuyatenganisha hayo matatu, kwa sababu kila ngazi ina ushahidi wake, na ushahidi wa ngazi moja haulipi deni la nyingine. Asiyetenganisha hupata hasara kwa njia mbili. Ama hununua nadharia mbovu kwa kuwa zoezi lilimfurahisha, ama hutupa zoezi zuri kwa kuwa nadharia iliyobandikwa juu yake haikusimama.

Anzia kwa Wagenia

Kabla ya kufungua kitabu chochote, shuka mtoni. Kati ya Ubundu na Kisangani mto hupita maporomoko saba ya Boyoma katika mwendo wa kilomita mia moja hivi, na la mwisho liko hapahapa mjini. Hapo wavuvi Wagenia husimika miti mikubwa kwenye miamba, huifunga kwa kamba za msituni, na kutoka kwenye miti hiyo huning'iniza mitego mikubwa ya umbo la pia ndani ya maji yanayokwenda kasi. Samaki husukumwa na mkondo, huingia kwa mdomo mpana, na nguvu ya maji humzuia kurudi alikotoka.

Mvuvi anayepanda mtumbwi leo kwenda kuangalia mitego yake yuko kwenye ngazi ya matumizi. Swali la kumwuliza ni jepesi: umepata samaki?

Mzee anayemfundisha kijana mahali pa kusimika mti, namna ya kuyasoma maji yanapopanda na yanaposhuka, fundo gani lifungwe kwanza na mtego uelekee wapi, anatoa modeli. Ameuchukua ustadi ulio mikononi mwake akaufanya uweze kuhamia mikononi mwa mwingine. Swali lake ni tofauti: kijana akifuata haya, naye atapata samaki?

Mtafiti anayeeleza kwa nini samaki hupita penye mkondo ule na si kwingine, akitaja kasi ya maji, oksijeni au msimu wa kuzaana, anatoa nadharia. Yeye huulizwa: maelezo yako yanatabiri nini, na ni kitu gani kikionekana tutajua umekosea?

Mvuvi anaweza kuwa bingwa ilhali maelezo yake ya kwa nini samaki hupita pale si sahihi, na samaki hawatapungua kwa hilo. Mtafiti naye anaweza kujua habari zote za oksijeni na bado akachukuliwa na maji siku ya kwanza. Mzee anaweza kuwa mvuvi hodari na mwalimu dhaifu, kwa kuwa mikono yake inajua mambo ambayo ulimi wake haujawahi kuyataja. Shika hilo, kwa maana ndilo tutakalolipima katika PNL.

Ngazi tatu katika chimbuko la PNL

PNL ilizaliwa Santa Cruz, California, katika miaka ya 1970. Richard Bandler alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. John Grinder alikuwa mwalimu wa isimu hapohapo. Bandler alikuwa amefanya kazi ya kuandika mazungumzo yaliyonaswa ya Fritz Perls, tabibu wa saikolojia aliyefariki 1970, na kwa kumsikiliza sana alianza kuweza kusema na watu kama Perls alivyosema. Wakaongeza wengine wawili: Virginia Satir, aliyesifika kwa tiba ya familia, na Milton Erickson, daktari wa Phoenix, Arizona, aliyetumia hipnosi. Mwaka 1975 walitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chao The Structure of Magic. Ya pili ikafuata 1976.

Tazama walichofanya hasa. Hawakuanza na nadharia ya ubongo. Walianza na watu watatu waliokuwa wakifanikiwa, wakauliza: wanasema nini, kwa mpangilio gani, na kwa sauti gani? Hiyo ni kazi ya kuunda modeli, na ndiyo iliyoipa PNL sifa yake ya kwanza.

Tunda lake linalojulikana zaidi ni metamodeli, yaani orodha ya maswali ya kumwuliza mtu ambaye maneno yake yameacha jambo nje. Vifaa vya kuipanga walivikopa kwenye isimu ya Noam Chomsky, ambaye vitabu vyake vya 1957 na 1965 vilifundisha kwamba chini ya sentensi inayosikika kuna umbo lililokamilika zaidi. Wakasema mzungumzaji hufanya mambo matatu: hufuta, hujumlisha na hupotosha. Ukiileta metamodeli Kisangani huwa hivi:

Mtu anasema, “Wamesema mradi unafungwa.” Hapo kuna kufuta. Uliza: nani amesema, na mradi upi?

Mwalimu anasema, “Wanafunzi wa siku hizi hawapendi kusoma.” Hapo kuna kujumlisha. Uliza: wote? Kusoma somo gani, na lini mara ya mwisho uliona mmoja akisoma bila kushurutishwa?

Mwenzake anasema, “Prefe hakuitika salamu yangu, basi amekwisha kuamua kuniondoa.” Hapo kuna kupotosha, kwa sababu amepita kutoka kwenye tukio hadi kwenye moyo wa mtu mwingine. Uliza: umejuaje?

Maswali haya ni modeli. Huhitaji kuamini lolote kuhusu ubongo ili uyatumie, wala huhitaji kukubali isimu ya Chomsky. Unahitaji kuona tu kama yanakuletea habari ambazo hukuwa nazo.

Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, juu ya modeli hizo ziliwekwa nadharia. Ikasemwa kwamba kila mtu ana mlango mmoja wa fahamu unaotawala, jicho au sikio au mguso, na kwamba maneno yake huufichua. Ikasemwa kwamba macho yakielekea upande huu mtu anakumbuka, yakielekea upande ule anabuni. Chini ya modeli nako kukachipua matumizi mengi: kutibu hofu kwa kikao kimoja, kuuza bidhaa, kuongoza wafanyakazi, kushinda woga wa jukwaani. Leo matumizi ndiyo yanayojaza kumbi.

Wapo watakaokuambia kwamba kutenganisha hivi ni hila ya wapinzani. Sivyo. Grinder mwenyewe, akiandika pamoja na Carmen Bostic St. Clair katika Whispering in the Wind mwaka 2001, alitenganisha kuunda modeli, matumizi na ufundishaji, akalalamika kwamba wenzake wengi wameiacha kazi ya kuunda modeli na kubaki wakizungusha matumizi.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Kwenye semina utakutana pia na “ngazi” za Robert Dilts, mmoja wa walimu wa PNL: mazingira, tabia, uwezo, imani, utambulisho. Hizo ni ngazi zinazodaiwa kuwamo ndani ya mtu. Ngazi tunazozizungumzia hapa ni za madai yenyewe. Mwendeshaji akizichanganya, mwombe kwa adabu atenganishe.

Jinsi ya kupima nadharia

Nadharia hupimwa kwa kutabiri. Ikiwa kweli maneno ya mtu yanafichua mlango wake wa fahamu, basi wapimaji wawili wasioonana wanapaswa kumpa mtu yuleyule jibu lilelile, na anayesemeshwa kwa “mlango” wake anapaswa kunufaika kuliko asiyesemeshwa hivyo.

Hilo lilijaribiwa mapema. Christopher Sharpley alikusanya tafiti zilizokuwapo na kuchapisha mapitio mara mbili, 1984 na 1987. Mapitio yote mawili yaliona kwamba dai la mlango mmoja unaotawala halikupata uthibitisho wa kutosha. Kuhusu macho, Richard Wiseman na wenzake walichapisha majaribio katika jarida PLoS ONE mwaka 2012. Waliangalia macho ya watu waliosema kweli na ya waliosema uongo, hawakuona tofauti iliyotabiriwa. Kisha wakawafundisha watu kanuni ya macho na kuwapa kazi ya kuwatambua waongo. Waliofundishwa hawakuwashinda wasiofundishwa.

Kwa hiyo ukimsikia mtu akifundisha walinzi, mahakimu au wakubwa wa kazi wa Kisangani kwamba macho ya mshitakiwa yanatosha kumjua mwongo, mkatalie. Hapo nadharia iliyoanguka inaweza kumfunga mtu asiye na kosa.

Kuna pia maneno ambayo hufanana na nadharia lakini hayapimiki. “Ramani si nchi yenyewe,” msemo wa Alfred Korzybski wa mwaka 1931, ni ukumbusho mzuri kwamba tunachokiwaza si kitu chenyewe. Lakini hakuna jaribio linaloweza kuukanusha. Ukubali kama mwelekeo wa kufikiri, usiuhesabu kama ushahidi wa kisayansi. Neno “nyuro” lenyewe ndani ya jina la fani lihesabu vivyo hivyo: halikuwekwa pale baada ya mtu kupima ubongo.

Jinsi ya kupima modeli

Mwaka 1988 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti kuhusu njia za kuongeza uwezo wa binadamu, iliyoombwa na jeshi la nchi kavu la nchi hiyo. Kuhusu PNL kamati iliyoiandika ilisema ushahidi wa nadharia zake na wa mafanikio yake ni mdogo au haupo. Lakini ilivutiwa na njia iliyotumika kuizalisha, yaani kuwaangalia mabingwa kwa makini, na katika awamu iliyofuata ya kazi yake ikaifanya njia hiyo kuwa mada ya kuchunguzwa. Ndani ya hukumu moja ngazi mbili zilipata alama mbili tofauti. Jifunze kusoma hivyo.

Namna bora ya kuelewa kuunda modeli ni kuunda moja. Tuseme katika kituo cha afya cha mtaa wenu, Mangobo au Kabondo, kuna muuguzi ambaye watoto anaowachanja hunyamaza upesi. Kina mama wanamsubiri yeye hata foleni ikiwa ndefu. Unataka wauguzi wengine wapate ustadi huo.

Kwanza, taja ustadi kwa namna inayopimika. “Anajua watoto” haipimiki. “Mtoto hunyamaza mapema baada ya sindano” inapimika kwa saa ya mkononi.

Pili, omba ruhusa kwa mkuu wa kituo, kwa muuguzi mwenyewe na kwa kina mama. Usimrekodi mtoto wa mtu kwa siri.

Tatu, tazama kabla ya kuuliza. Bingwa ukimwuliza anafanyaje, mara nyingi atakupa jibu alilosoma shuleni, si lile mikono yake inalolifanya. Andika unachokiona: anamsalimu nani kwanza, mama au mtoto? Anasema Kiswahili, Lingala au Kifaransa, na kwa nani? Mtoto yuko wapi wakati wa sindano, mezani au mapajani? Sindano inaonekana lini? Chanjo ipi inatangulia?

Nne, tazama pia wauguzi wasiosifiwa. Wengi huruka hatua hii, na kuiruka ni kuharibu kazi yote. Kama wote wanamsalimu mama kwanza, basi salamu si siri ya yule mmoja.

Tano, fanya mwenyewe kadiri leseni yako inavyoruhusu. Grinder alisisitiza kwamba mwigaji aunyonye ustadi kwanza, afanye kama bingwa kwa muda uleule na ubora uleule, ndipo akae chini kuchambua. Dilts alipendelea kuchambua mapema, kwa hatua na michoro. Tofauti yao usigombane nayo; ila kama wewe si muuguzi, usishike sindano.

Sita, punguza. Ondoa jambo mojamoja uone kama matokeo yanabadilika. Wimbo anaouimba ni sharti au ni pambo? Kitenge chake chenye rangi kali kina kazi yoyote? Modeli nzuri ni fupi kuliko orodha uliyoanza nayo.

Saba, mfundishe mtu wa tatu ambaye hajawahi kumwona bingwa. Akipata matokeo, una modeli. Asipopata, una hadithi kuhusu mtu hodari.

Sasa angalia jinsi ngazi zinavyotengana hata hapo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo ya kupunguza maumivu wakati wa chanjo: mlezi awepo, mtoto mchanga ashikwe, anyonyeshwe wakati wa sindano au muda mfupi kabla yake, na chanjo inayouma zaidi iwe ya mwisho. Huenda muuguzi wetu anafanya baadhi ya hayo bila kuyasoma. Upande wa nadharia, tangu 1965 tunayo nadharia ya lango ya Ronald Melzack na Patrick Wall, inayosema kwamba mguso unaweza kuzuia habari ya maumivu njiani kwenye uti wa mgongo. Kwa nadharia hiyo ungedhani kusugua mahali pa sindano kutasaidia. Hata hivyo shirika halikupendekeza kusugua wala kuminya, kwa kuwa ushahidi wa matumizi haukutosha. Nadharia yenye heshima haikupewa ruhusa ya kupita mlango wa matumizi kwa jina lake tu. Ikiwa Melzack na Wall wamesimamishwa mlangoni, mwendeshaji wa semina naye asimame.

Jinsi ya kupima matumizi

Matumizi huulizwa maswali matatu: yamemsaidia nani, kwa tatizo gani, na ikilinganishwa na nini? Ushuhuda wa mshiriki mmoja aliyelia kwa furaha haujibu hata moja. Watu hupata nafuu kwa kusikilizwa, kwa kupumzika, kwa muda kupita, na kwa kuwa walikuja siku yao mbaya zaidi. Bila kundi la kulinganisha huwezi kujua ni kipi kati ya hivyo kilichofanya kazi.

Mwaka 2012 Jackie Sturt na wenzake walichapisha katika British Journal of General Practice mapitio ya tafiti za PNL kuhusu afya. Walizopata za majaribio zilikuwa 10 tu, na walihitimisha kwamba ushahidi kuwa PNL inaboresha afya ni mdogo. Jihadhari na namna ya kulisema hili: ushahidi mdogo si uthibitisho kwamba haifai. Lakini si ruhusa ya kuiuza kama tiba.

Kwa Kisangani jambo hili lina uzito wake. Mji huu ulipigwa mabomu kwa siku sita mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya makazi ya watu, na wako wanaoshtuka hadi leo wakisikia kishindo. Mtu wa namna hiyo akiambiwa hofu yake itaondoka kwa kikao kimoja, swali la matumizi linakuwa swali la usalama wake.

Na ushahidi mzuri wa matumizi unawezekana hata katika mazingira yetu. Mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine jaribio lililofanyika mashariki mwa Kongo kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi vikapata tiba ya kikundi ya kuchakata fikra, vingine msaada wa mtu mmoja mmoja. Tiba ilitolewa na wasaidizi wa jamii wasio madaktari. Waliopata tiba ya kikundi walipungukiwa na dalili zaidi, na nafuu ilikuwapo bado miezi sita baada ya tiba kwisha. Hiki ndicho kipimo. Anayekuja Tshopo na dai la kutibu majeraha ya vita na apimwe kwacho.

Kwa mambo madogo usiwe mkali kiasi hicho. Kama unataka tu kuuliza maswali mazuri zaidi mkutanini, metamodeli haitamdhuru mtu, mradi uitumie kwa kiasi. Ukimrushia mzee swali la “umejuaje?” mara tatu mfululizo, ataona unamhoji kama askari.

Kumbuka pia kwamba matumizi hubeba desturi ya mahali yalikotengenezwa. Semina hufundisha kuakisi mwili wa unayesema naye: akikunja mkono nawe ukunje, akikutazama machoni nawe mtazame. Msingi wa jambo hili upo: Tanya Chartrand na John Bargh walionyesha mwaka 1999 kwamba watu huwapenda zaidi wale wanaowaiga kidogo pasipo wao kugundua. Lakini mkwe anayemkodolea macho baba mkwe wake na kukaa kama akaavyo hatapendwa. Atasemwa hana adabu.

Makosa manne ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kupandisha: “Zoezi lilinisaidia, basi maelezo yao ya ubongo ni kweli.” Wagenia wamekwisha kukujibu.

La pili ni kushusha: “Nadharia yao imeanguka, basi hakuna la kujifunza.” Kamati ya 1988 haikuhukumu hivyo.

La tatu ni kuita kila mwigo modeli. Mhubiri kijana anayeiga ukohozi wa mhubiri mashuhuri amechukua pambo na kuacha sharti.

La nne ni kukichukua cheti kama ushahidi. Hakuna mamlaka moja duniani inayomiliki jina la PNL. Chama chochote na mtu yeyote anaweza kuchapa cheti cha “mtaalamu” au “bingwa”. Cheti kinaonyesha ulihudhuria.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Dai hili ni nadharia, modeli au matumizi? Asiyeweza kulijibu hili hawezi kujibu yanayofuata.
2. Kama ni nadharia: inatabiri nini, na nani aliyeijaribu ambaye hauzi mafunzo?
3. Kama ni modeli: ilichukuliwa kwa mabingwa gani, walilinganishwa na nani, na nani amejifunza kwayo akapata matokeo yaleyale?
4. Kama ni matumizi: yamejaribiwa kwa watu wenye tatizo kama letu, na kundi la kulinganisha lilipata nini?
5. Nani atamshughulikia mshiriki akivurugika katikati ya zoezi?
6. Zoezi hili linaafiki heshima kati ya wakubwa na wadogo, wake na waume, hapa kwetu?

Kama majibu yanakushinda kuyapima, huna haja ya kwenda mbali. Tangu mageuzi ya 1971 yaliyounda Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kampasi ya Kisangani ndiyo iliyokabidhiwa saikolojia na sayansi ya elimu, na Chuo Kikuu cha Kisangani kina kitivo hicho hadi leo. Peleka kijitabu cha semina, mwombe mwalimu wa hapo akuonyeshe dai lipi liko ngazi ipi.

Kisha amua. Modeli nzuri ya kuuliza maswali, ya kufundisha au ya kuuza inaweza kustahili siku mbili zako na bei ya haki. Nadharia ya macho na milango ya fahamu haistahili hata faranga moja. Ahadi ya kutibu hofu ya vita kwa kikao kimoja ikatae, na mgonjwa wako mpeleke kituo cha afya.